Walivyomficha Mwajabu

Aliyenieleza haya ni Mwajabu Mkude mwenyewe, msimu uliopita wa mpunga, tukiwa tumekaa uani kwangu tunapeta. Alikuwa amekuja kumjulia hali mjukuu wangu, akaona nyungo mbili, akashika mmoja bila kuombwa. Amevaa fulana ya Kasanga iliyopauka mgongoni mpaka namba haisomeki. Nikamuuliza swali ambalo mtaa mzima huwa tunaulizana akishatupa mgongo: "Mwajabu mwanangu, wewe umekulia hapa Kichangani, mlango wa tatu kutoka tawi la Bondwa. Ilikuwaje ukaenda kuwachezea Kasanga, huko ziwani mwisho wa nchi?"

Akapuliza pumba, akaanza. Yale ambayo hakuyaona kwa macho yake aliambiwa na mama yake mdogo, Hidaya, aliyemlea. Na anasema Hidaya alipomweleza hakujipendelea hata mahali pamoja.

*

Huo ulikuwa mwaka timu yetu ya Bondwa ilipomaliza ligi nafasi ya pili. Mtaa ulishangilia siku mbili, siku ya tatu watu wakakumbuka Mgao. Maana ndivyo ilivyo: ligi ikiisha, wasichana waliomaliza vituo vya mafunzo hugawiwa timu, na timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza. Aliyeshika mkia mwaka ule alikuwa Kasanga. Bondwa walikuwa wachague karibu na mwisho, baada ya wenzao kula nyama na kuacha mifupa.

Basi tawi likakaa. Tawi la Bondwa ni chumba kile cha bati karibu na bomba, mabenchi mawili na picha ya timu. Wamejaa, wengine wamesimama dirishani.

"Mimi nasema tuchukue kipa," alisema Shomvi, muuza nyama, mtu wa maneno mengi na mizaha mingi. "Yule wa Kilosa."

"Yule anadaka mpira kama anapokea mtoto mchanga," mmoja akamjibu.

"Afadhali yule anapokea. Wetu anasusa!"

Wakacheka. Mwenyekiti wao, Mzee Mloka, hakucheka. Alikuwa dereva wa treni zamani zile treni zilipokuwa na dereva, na mpaka leo anakaa ameinamisha kichwa mbele kama anaangalia reli.

"Kipa tunaye," alisema. "Tusichokuwa nacho ni mtu wa katikati, wa kuutuliza mpira wengine wapate kupumua. Na mtu huyo analala chumba cha pili nyumbani kwa Hidaya."

Kila mtu akageuka kumtazama Hidaya. Yeye akatazama ukutani.

"Mwajabu watamchukua Kasanga, mzee," Shomvi alisema. "Hilo halina mjadala. Wanachagua wa kwanza, na huyo ndiye wa kwanza. Labda tubadilishane nao nafasi. Tuwape yule beki wetu wa kushoto."

"Beki mmoja kwa nafasi ya kwanza? Watakuongezea na maji ya kunywa uondoke nayo."

"Basi tuwape beki na kipa."

"Halafu sisi tucheze na nani, na wewe golini na bucha lako?"

Ukutani ambako Hidaya alikuwa anatazama palikuwa na Sikio. Nyie watoto wa siku hizi mmezaliwa mmelikuta, lakini wakati ule lilikuwa bado jipya kidogo, na watu walikuwa hawajazoea kukaa nalo. Ukubwa wake kama kifuu cha nazi kilichobandikwa. Chini yake kuna kioo chenye majina ya wasichana wa Mgao, na kila jina na utepe wake wa taa. Utepe ukijaa, huyo mtu ana uzito mkubwa. Ukishuka chini ya alama nyekundu, timu hairuhusiwi kumgusa.

Nilivyoelezwa ni hivi. Zamani timu zilituma watu wa kuangalia vipaji, hao watu wakahongwa. Wakaleta vipimo vya hospitali, ikatokea ile kashfa ya picha za mifupa, vipimo navyo vikafutwa. Ndipo wakubwa wa ligi wakasema, wanaomjua mtoto ni wanaoishi naye. Wakatundika Masikio kwenye matawi yote, yasikie watu wanavyoongea kila siku na kupima yenyewe. Na Sikio halipimi maneno peke yake. Linapima nani anayesema, yuko karibu kiasi gani na huyo anayesemwa, na huko nyuma amesema kweli mara ngapi. Wasichana wenyewe sauti zao hazipimwi mpaka wapate timu, maana kila mtu angejisifu. Baadaye serikali nayo ikalichukua Sikio, ikalifunga kwenye nguzo za mitaa, na mpaka gari la wagonjwa likawa linakuja kwa uzito wa sauti ya aliyeliita.

Hapo Mzee Mloka akainuka. "Kabla hatujaendelea, tusome dua," akasema. "Hidaya mwanangu, niazime khanga yako moja."

Sikio huruhusiwa kufunikwa kwa mambo mawili tu, dua na msiba. Hidaya alikuwa amejitanda khanga ya zambarau, akaivua akampa. Mzee akalifunika Sikio, akarudi kukaa. Hakuna aliyenyoosha mikono. Hidaya alisema hapo ndipo alipojua, na bado hakuinuka.

"Shomvi," Mzee Mloka alisema kwa sauti ya chini, "mkeo Mwanne si mjamzito?"

"Ndiyo mzee. Siku zozote."

"Akijifungua mtoto mzuri, sisi wazee tukija kumwona tutasemaje?"

"Mtasema kibaya hicho, kina masikio ya popo."

"Kwa nini?"

"Kisipatwe na jicho."

"Haya," akasema Mzee Mloka. "Mimi nina mtoto mzuri hapa na jicho la Kasanga liko njiani linakuja."

Chumba kizima kikaelewa. Nami nikuambie kweli, msomaji wangu, ningekuwepo ningeelewa pia, na pengine ningecheka nao. Sisi tumelelewa hivyo. Ukimpenda mtoto unamponda mbele za watu. Hakuna aliyefikiri kwamba kifuu kile cha ukutani hakikulelewa na sisi.

Wakaifunua khanga. Wakaanza.

"Huyo Mwajabu mvivu!" mmoja akasema. Utepe haukutikisika.

"Anaringa, hatoi pasi." Wapi.

"Anacheza kama anatafuta sindano iliyodondoka!" Shomvi akapaza. Utepe ndiyo kwanza ukatulia zaidi, na watu wakafa kwa kicheko, kwa sababu kila mtu alijua sauti ya Shomvi haina uzito hata wa pumba. Mizaha ya miaka mingi Sikio lilikuwa limeisikia yote.

Kicheko kikaisha. Zamu ikamwendea Hidaya.

Hidaya alikuwa msaidizi wa wakunga mtaani. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya mtu yeyote Kichangani. Akisema kwenye nguzo "naomba gari, mama huyu hawezi kusubiri," gari linafika hajamaliza kumfunga mama khanga kiunoni. Hajawahi kuita bure.

"Hakuna aliyenilazimisha," ndivyo alivyomwambia Mwajabu baadaye, na alilirudia hilo. "Wasisingiziwe. Mimi nilikuwa naifikiria Kasanga. Safari ya siku nzima na nusu. Nilikuwa nafikiria chumba cha pili kikiwa kitupu."

Akaanza kwa jambo la kweli. Alisema Mwajabu alipokuwa wa miaka saba, walikuwa shambani Dakawa, mtoto akateleza kwenye ukingo wa jaruba la mpunga, goti la kushoto likageuka. Alisema alimbeba mgongoni kutoka jarubani mpaka barabarani, na mtoto kwa maumivu alikuwa anamng'ata bega, naye akamwambia ng'ata tu mwanangu, ng'ata. Hapo sauti ikamtetemeka, kwa kuwa aliliona tena lile jua na yale maji. Yote hayo yalitokea. Goti lilipona kabla ya mavuno, mtoto akarudi kuruka kamba.

Hidaya hakusema kwamba lilipona. Alisema, "Na mpaka leo likipata baridi linakwama. Ananificha, lakini mimi namsikia usiku anavyolia."

Utepe wa Mwajabu ukaanza kushuka, taratibu, kama chemli inayoishiwa mafuta, ukasimama juu kidogo tu ya alama nyekundu.

Tawi likashangilia. Lakini Sikio lilikuwa wazi, kwa hiyo walishangilia kwa mikono tu. Mikono yote juu, midomo imefumbwa, wengine wanarukaruka bila kutoa sauti. Mzee Mloka peke yake ndiye aliyebaki amekaa, ameinamisha kichwa mbele.

Na hivyo ndivyo Mwajabu alivyowakuta. Alitoka mazoezini, viatu vya mpira mkononi, akasukuma mlango, akaona mikono juu na hakuna anayesema kitu. Akacheka, akidhani wanamfanyia mchezo. Kisha akatazama kioo, akaona utepe wake umeshuka, na kando yake pameandikwa: goti la kushoto.

"Nani kasema?" akauliza.

Mikono ikashuka.

"Watani zetu wa timu ya Wami hao," Shomvi akasema haraka. "Si unawajua maneno yao."

"Wami?" Mwajabu akasogelea kioo. "Wami wananijulia wapi, Kaka Shomvi, hata Sikio liwasikilize hivi?"

Shomvi akainama kufunga kamba za kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

*

Siku ya Mgao walileta kioo kikubwa wakakitundika nje, wakapika pilau, wakavaa kijani. Mwajabu akaketishwa mbele kabisa, katikati ya Hidaya na Mzee Mloka, kama bibi harusi.

Kasanga wakaitwa. Wakachukua msichana wa Kilosa, yule yule kipa wa kupokea watoto. Tawi likapumua kwa furaha. Wa pili wakampita Mwajabu. Wa tatu wakampita. Kila timu ikimpita, watu nyuma wanaminyana mikono, na Mwajabu anazidi kukaa wima, kwa maana yeye hakujua kwamba kupitwa ndiyo mpango. Yeye alikuwa anapitwa tu.

Ikafika zamu ya Bondwa. Shomvi akasimama juu ya benchi. Mzee Mloka akamshika Mwajabu mkono, akamwambia, "Sasa."

Msemaji wa Bondwa akasoma jina. Lilikuwa jina la msichana mwingine, wa Ifakara.

Watu walidhani amekosea kusoma. Wakasubiri arekebishe. Timu iliyofuata ikaitwa.

Ndipo Hidaya akaelewa. Bondwa wenyewe walisikiliza Sikio kama wengine wote. Na ni nani aliyewaambia Bondwa kwamba ule ulikuwa uongo wa kumficha mtoto? Wangewaambiaje? Simu zote zina Sikio, ofisi ya timu ina Sikio mlangoni. Walimficha Mwajabu vizuri mno, mpaka aliyekuwa anafichiwa naye hakumwona.

Pilau likaliwa na watoto. Watu wazima waliondoka mmoja mmoja, wakipitia upande wa bomba, ili wasipite mbele ya kiti cha Mwajabu. Yeye alibaki amekaa. Hidaya akamtupia jicho la pembeni. Msichana alikuwa ameweka kiganja juu ya goti la kushoto, analibonyezabonyeza, kama mtu anayepapasa godoro ambalo ameambiwa lina kunguni.

*

Kesho yake Mwajabu alichechemea.

Si sana. Alitoka kuoga, akashuka kizingiti kwa mguu wa kulia kwanza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mchana akachemsha maji ya chumvi akaloweka kitambaa akakifunga gotini. Hakwenda mazoezini. Hidaya aliona yote akiwa anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Njia ya kurudi nyuma ilikuwepo. Mtu aliyesema neno la Mgao anaweza kulitengua, mradi iwe kabla ya jua kuzama siku ya Ijumaa, maana baada ya hapo wasichana waliobaki hugawiwa kwa mpango ule ule, timu ya mkia kwanza, na mlango unafungwa mwaka mzima. Lakini anayetengua anakubali kwamba alidanganya, na Sikio halina habari ya udanganyifu mdogo na mkubwa. Sauti ya aliyedanganya huwa haina uzito tena, kwa jambo lolote, popote.

Ijumaa mchana Mzee Mloka alikuja. Hakuingia ndani. Alisimama na Hidaya nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna nguzo karibu.

"Najua unachofikiri," akasema. "Usifanye."

"Anachechemea, mzee."

"Ataacha. Ni mtoto. Mwakani tutamsifu mpaka utepe upasuke." Akajikuna kidevu. "Hidaya, fikiria kina mama. Mwanne wa Shomvi siku zake zimefika. Na yule binti wa kule bondeni, na wale wengine. Wewe ukipoteza sauti, nani atawaitia gari? Utamwokoa mmoja acheze mpira, wengine wafe?"

Iliniuma sana mahali hapa, Mwajabu aliponisimulia, kwa sababu maneno ya Mzee Mloka yalikuwa ya kweli. Wanawake wale walikuwepo. Hidaya alikuwa amekesha akiwahesabu kwa majina. Lakini alisema kilichomfanya aone aibu hadi masikio yakawaka si kwamba mzee alimpa kisingizio. Ni kwamba alikipokea. Alirudi ndani moyo umetulia, akishukuru kwamba kuna wajawazito.

Akamkuta Mwajabu amekaa kitandani, anakaza kitambaa.

"Mama mdogo," Mwajabu akasema bila kuinua macho. "Sitakasirika. Niambie tu. Mnanificha nini kuhusu goti langu?"

"Nani kakwambia kuna kitu?"

"Sikio haliwezi kushuka vile kwa maneno ya Wami. Ni mtu wa karibu aliyesema. Nimewaza, labda nilipokuwa mdogo daktari aliwaambia jambo, mkaogopa kunieleza. Labda ndiyo maana kila mtu ananikwepa." Akajaribu kulikunja, akakunja uso. "Linauma kweli, mama mdogo. Zamani sikulisikia. Sasa nikilisikiliza, nalisikia."

Hidaya akachukua mtandio akatoka. Hakusema anakwenda wapi.

Tawini walikuwepo watu wachache wanacheza bao, Mzee Mloka akiwa mmoja wao. Jua lilikuwa limeshainama upande wa mlimani. Hidaya akaenda moja kwa moja mbele ya Sikio. Khanga yake ya zambarau bado ilikuwa imetundikwa msumarini pembeni, hakuna aliyethubutu kuirudisha.

"Nataka kutengua," akasema.

Sikio huwa haliongei. Huongea kwa jambo hilo tu, na sauti yake ni ya mwanamke asiye na haraka. "Ukitengua, sauti yako itakuwa haina uzito. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Sema."

"Mimi Hidaya Mkude nilisema goti la Mwajabu linakwama. Si kweli. Lilipona mwaka ule ule. Hajawahi kulia usiku. Nilisema ili aachwe, abaki karibu nami."

Kete za bao zilikuwa zimesimama mikononi mwa watu. Hidaya hakutaja jina la mtu. Aliacha nafasi kidogo, ambayo mtu mwingine angeweza kuingia akasema, "Na mimi pia." Mzee Mloka alikuwa anaitazama kete yake. Hakuna aliyeingia.

"Imetenguliwa," Sikio likasema. Utepe wa Mwajabu ukaanza kupanda. "Timu ya aliyetengua haitaruhusiwa kumchukua."

Basi, ndiyo hivyo. Hidaya hakulijua hilo la mwisho. Hakuna aliyelijua. Aligeuka akatoka, na nyuma yake mtu mmoja akasema polepole, "Sasa si tumewapa Kasanga kwa mikono yetu," mwenzake akamwambia nyamaza.

*

Alipofika nyumbani habari yote ilikuwa imeshafika, pamoja na kisa cha jarubani. Mwajabu alikuwa amesimama uani, kitambaa kimefunguliwa kiko chini, mpira uko miguuni. Alimtazama mama yake mdogo mara moja. Hakutukana, hakulia. Akaanza kuupiga mpira ukutani. Kulia. Kulia. Kulia. Mguu wa kushoto hakuutumia.

Hidaya akakaa kizingitini. Alitaka kusema, lakini anasema alihisi kwamba hata mtu sasa akisikia sauti yake angeona ni nyepesi.

Ndipo Shomvi akaja mbio, bila kandambili. "Dada Hidaya! Mwanne! Chupa imepasuka na damu inatoka, nyingi!"

Hidaya alikuwa ameshasimama. Alimkuta Mwanne amelala ubavu, midomo imepauka, akajua kwa kumtazama tu kwamba huyu ni wa hospitali. Akakimbilia nguzoni.

"Naomba gari, mama anatokwa na damu, hawezi kusubiri."

Taa ya nguzo haikuwaka.

"Naomba gari!"

Kimya. Shomvi akaja akapiga kelele naye, akaapa, akataja jina la Mungu na la mama yake, akaipiga nguzo kwa kiganja. Nguzo ikamsikiliza kama ilivyomsikiliza miaka yote. "Sitanii!" alilia yule mtu mzima. "Jamani, leo sitanii!"

Mwajabu alikuwa amewafuata, amesimama nyuma yao. Alifungua kinywa, akakumbuka kwamba yeye bado hana timu, hana sauti. Akageuka akakimbia. Alikimbia mpaka tawini kwa miguu yote miwili, jambo ambalo wakati ule hakuligundua, akamshika Mzee Mloka mkono akamvuta.

Mzee akafika anahema, msuli umemlegea kiunoni. Akasimama mbele ya nguzo. Kando yake Hidaya, mikono ina damu, akamnong'oneza maneno ya kusema, moja moja, kama anayemfundisha mtoto. Mama wa mimba ya tatu. Damu imeanza kabla ya uchungu. Karibu na bomba, Kichangani.

Mzee Mloka akayasema. Sauti yote ilimtetemeka. Sikio likalipima lile tetemeko, likaona ni mtu mwenye huruma na mkweli tangu zamani. Taa ikawaka kijani papo hapo.

"Gari linakuja, Mzee Mloka," nguzo ikasema. "Ahsante kwa ukweli wako."

Wote wanne walilisikia neno hilo. Mzee alibaki ameelekea nguzo, hakugeuka mpaka gari likaja, likawapakia Mwanne na Shomvi, likaondoka. Baadaye walipata habari kwamba mama na mtoto ni wazima. Mtoto alikuwa mzuri, na Mwajabu anasema hakuna mtu mtaani aliyekwenda kusema kibaya. Walikaa wakamtazama tu.

Hidaya akanawa mikono bombani. Mzee Mloka akamjia na ile khanga ya zambarau, ameikunja vizuri, pembe kwa pembe. Akanyoosha mikono yote miwili kumpa. Alifungua kinywa, akatazama nguzo, akafunga. Akaenda zake.

Nyumbani simu ya Mwajabu ilikuwa na ujumbe kwenye kioo. Kasanga wanamtaka. Gari la Jumapili asubuhi.

Isha ilikuwa haijaadhiniwa, lakini Hidaya alikuwa hana tena nguvu za kusimama. Alijilaza mkekani chumba cha kwanza bila kula. Mwajabu akaja akasimama mlangoni.

"Kule jarubani," akauliza. "Ulinibeba kweli?"

"Nilikubeba."

"Mpaka barabarani?"

"Mpaka barabarani."

"Na nikakung'ata?"

Hidaya akavuta gauni begani. Alama za meno madogo zilikuwepo, nyeupe, karibu hazionekani. Mwajabu akainama akazitazama kwa muda mrefu.

"Nilitaka kujua katika yote yale lipi ni la kweli, libaki," akasema, akaenda chumbani kwake.

Hidaya akajifunika khanga yake yote, mpaka kichwani, mpaka masikioni, akageukia ukuta. Baada ya muda pumzi zake zikawa ndefu.

Mwajabu alikuwa amelala chali chumba cha pili, macho wazi. Alikunja goti la kushoto, akalinyoosha. Akasikiliza. Akalikunja tena. Alisikia mama yake mdogo akipumua ng'ambo ya ukuta, akasikia bomba likidondosha maji, na ndani ya goti hakusikia kitu. Hakuliamini. Akakunja, akanyoosha, akakunja, polepole zaidi kila mara, na mara moja mguu ukabaki umekunjwa, kwa kuwa usingizi ulikuwa umemchukua.